Kura ya Adabu ya Kanali Mayhall

Wiki jana tulimwacha Amos Tull mdomo wazi.

Hatukumtendea haki, kwa sababu huko Kentucky mwezi wa Agosti nzi ni wengi, na mbele ya mahakama ile ya magogo walikuwa wengi zaidi kwa ajili ya wiski. Basi tumrudie upesi, kabla hajameza mmoja.

Ilikuwa siku ya tatu ya kura, siku ya mwisho, na jua limeshaegemea miti ya ng'ambo ya kijito. Kulia kwa Sherifu Haddix ameketi Kanali Jethro Mayhall, mzee aliyejenga ngome ya kwanza katika bonde lile na kuwavusha watu wake katika vita vyote na Washawnee, wenyeji wa misitu ile. Koti lake la ngozi ya kulungu lina kiraka kiwikoni, na kiraka chenyewe kimeshonwa vizuri, uzi haukuonekana. Kushoto ameketi Peyton Wardlaw, mwanasheria aliyefika bondeni juzi juzi, viatu vyake vina vifungo vya fedha.

Kura zao zilikuwa sawa kwa sawa.

Na kule kura haifichwi. Mtu anasimama mbele ya kadamnasi, sherifu anamuuliza, naye anataja jina kwa sauti hata mke wake aliye nje alisikie. Kisha yule aliyetajwa anainuka kitini na kumshukuru. Ukitaka kumsaliti mtu, unamsaliti ukimtazama usoni.

"Amos Tull, nimekuuliza," Sherifu Haddix alisema. "Unampigia nani?"

Amos aliigeuza kofia yake mikononi. Huyu ndiye yule aliyebebwa mgongoni na Kanali kutoka kwenye chemchemi za chumvi hadi ngomeni, mshale ukiwa umezama pajani. Mpaka leo anachechemea.

"Sema bwana!" mlevi mmoja alipiga kelele kutoka penye mapipa. "Au mshale umepanda mpaka ulimini?"

Watu wakacheka. Amos hakucheka.

"Bwana Wardlaw," alisema.

Kicheko kilikatika kama kamba.

Wardlaw aliinuka, mkono kifuani. "Nakushukuru sana, Bwana Tull. Sitakusahau."

Amos hakumtazama. Alimgeukia Kanali, macho yamejaa maji. "Kanali, hati ya shamba langu iko mfukoni mwake. Ameniambia nikimpa kura nitabaki. Nina watoto, Kanali."

"Najua, Amos," Kanali alijibu taratibu. "Nenda kanywe maji. Unatoka jasho."

"Kanywe maji!" Sauti hiyo ilitoka dirishani. Ni Keziah, mke wa Kanali, amesimama nje na wanawake wengine, kilemba chake cha kitani kimelowa shingoni. "Mtu huyu angekunywa damu yako, Jethro, ungemuuliza kama imekolea chumvi!"

Msimlaumu Keziah. Alijua kilichokuwa mezani.

Watu wa bonde lile walikuja na haki ya mahindi. Ulifyeka msitu, ukasimamisha kibanda, ukapanda mahindi, basi ardhi ni yako, na jirani yako ni shahidi. Hawakujua haki nyingine, na wala hawakwenda mjini kuitafutia muhuri. Walikuwa wanazika watoto na kumwaga risasi, muhuri wangeutafuta saa ngapi? Vita vilipokwisha wakatokea mabwana wenye hati, mabwana ambao hawakuwahi kukanyaga tope la bonde, wakasema ardhi yote ilikuwa yao tangu zamani. Wakili wao ni Wardlaw.

Kanali alikitaka kiti cha baraza la kutunga sheria kule Frankfort kwa jambo moja tu: ipitishwe sheria kwamba aliyepanda mahindi wakati wa vita asing'olewe. Wardlaw alikitaka kiti hicho hicho ili sheria hiyo izikwe. Mwenye kiti ndiye mwenye bonde.

Na sasa Wardlaw alikuwa mbele kwa kura moja.

"Lemuel yuko wapi?" Keziah alimuuliza mwanamke wa pembeni yake. "Mwanangu mtu mzima, ana ndevu, ana kura. Siku tatu simwoni!"

"Labda ng'ombe wamepotea."

"Ng'ombe! Nyumba inaungua, yeye anatafuta ng'ombe?"

Alikodoa macho barabarani. Vumbi tupu.

Kumbe si vumbi tupu. Ndani ya vumbi kulikuwa na kitu kinakuja, kizito, kinakwaruza ardhi. Watu wakasogea. Ni maksai mmoja, anakokota sileji, gari lisilo na magurudumu la kubebea mawe, na juu ya sileji kuna godoro la maganda ya mahindi, na juu ya godoro yupo mzee Gideon Sprowle.

Gideon alikuwa anakufa. Bonde zima lilijua. Jeneza lake lilishachongwa, la mti wa jozi, na mkewe alikuwa anakaushia vitunguu ndani yake.

"Napinga!" Wardlaw alisimama. "Mtu huyu ni maiti!"

"Maiti ni babako," Gideon alisema, sauti nyembamba kama uzi. "Haddix! Niinue kichwa, siwezi kupiga kura nikitazama pua yako."

Sherifu mwenyewe alimwinua, wakamwingiza ndani na godoro lake.

"Mzee Gideon, umejitesa bure," Kanali alimnong'oneza.

"Nilikuahidi kura, Jethro. Kifo kimekuja asubuhi, nimekiambia kikae barazani, kuna mahali napita kwanza." Akavuta pumzi. Ikachelewa kurudi. Watu wakadhani ndiyo basi. Kisha ikarudi. "Jethro Mayhall! Andika hapo, karani, na uandike kwa wino mzito."

Kelele ziliruka hadi kwenye paa. Kanali aliinuka kushukuru kama desturi inavyotaka. Aliinama tu, akaushika mkono wa Gideon, mkono mkavu kama gome.

Sawa kwa sawa tena!

Sherifu alitoka mlangoni, akapaza sauti. "Yupo mwenye kura ambaye hajapiga?"

Keziah alitazama barabara. Hakuna mtu.

"Yupo mwenye kura ambaye hajapiga?"

Mbwa alibweka. Mahindi ya sherifu, yaliyokuwa yamechanua mbelewele, yalitikisika kwa upepo kidogo, kisha yakatulia.

"Mara ya mwisho. Yupo?"

"Yupo," karani alisema nyuma yake. "Bwana Wardlaw. Hajapiga yake."

Hapo ndipo uso wa Keziah ulipofunguka kama mlango. Akamkumbatia yule mwanamke wa pembeni. Wanaume wakarusha kofia juu. Mpiga fidla akaanza kukaza nyuzi.

Nitawaambia kwa nini, maana ninyi mnaweza kudhani watu wale walirukwa na akili.

Kwa mabwana wenye adabu waliotoka Virginia, mtu hajipigii kura mwenyewe. Ni aibu, ni sawa na kujipakulia nyama mbele ya wageni. Mgombea anampigia mpinzani wake, na mpinzani anarudisha, na heshima inabaki katikati yao. Kanali alijifunza hivyo ujanani kwa baba yake, na hakujifunza vingine. Siku ya kwanza, asubuhi, umande haujakauka kwenye majani, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama mbele ya sherifu. Akasema kwa sauti safi, "Peyton Wardlaw." Watu walimpigia makofi. Wardlaw aliinuka, akainama hadi nywele zake zilizopakwa unga mweupe zikamwagikia magotini, akasema: "Nitairudisha heshima hii, Kanali, kabla kura hazijafungwa."

Na sasa zilikuwa zinafungwa. Ilibaki kura moja tu, na kila mtu alijua ni ya nani.

"Bwana Wardlaw," Sherifu alisema, na hata yeye alikuwa anatabasamu. "Unampigia nani?"

Wardlaw hakuwa na haraka. Alitoa kikopo cha ugoro, akachota kidogo, akanusa. Akapiga chafya. Akafuta pua kwa leso yenye lesi pembeni. Akaikunja leso, pembe kwa pembe, akairudisha mfukoni.

"Peyton Wardlaw," alisema.

"Naam, ndiwe," Sherifu alisema. "Nauliza unampigia nani."

"Nami nimeshajibu. Peyton Wardlaw." Kisha akafanya jambo ambalo bonde lile halikulisahau. Aligeuka akakitazama kiti chake kitupu, akaweka mkono kifuani, akakiinamia. "Nakushukuru sana, bwana. Sitakusahau."

Mlevi mmoja alicheka. Mwenzake akamziba mdomo.

Kanali alikuwa ameshainuka nusu kitini, tayari kushukuru. Akabaki hivyo, magoti yamekunjika, mzee wa watu, kama aliyesahau alichokuwa anainukia.

"Uliahidi," alisema.

"Ulinipa zawadi, Kanali. Tangu lini zawadi ikawa deni?"

"Uliahidi mbele ya watu."

"Basi nishtaki. Mahakama ni hii hii. Wakili mzuri namjua mmoja tu bonde zima." Akajigusa kifua.

Keziah aliingia kwa mlango wa mbele, mahali ambapo mwanamke hakuingia siku ya kura. Hakuna aliyemzuia. "Haddix, ifute ile ya mume wangu. Ya siku ya kwanza. Ilikuwa ya adabu tu, kila mtu anajua."

"Mama Lemuel," Sherifu alisema, na hakuweza kumtazama. "Neno likishatamkwa hapa halirudi kooni. Hata lingekuwa langu."

"Kwa hiyo mume wangu ameshindwa kwa kura yake mwenyewe?"

"Ndivyo."

Wanaume wa ngome ya zamani walikuwa wameshachukua bunduki zao kutoka ukutani. Walisimama mabega kwa mabega, kama walivyosimama kwenye ukuta siku zile za kuzingirwa. Mhunzi, mwenye mikono kama mapaja, alisogea mbele.

"Kanali. Tupe neno moja. Moja tu, kama zamani."

Wardlaw alipauka uso, na weupe huu haukuwa wa unga wa nywele.

Kanali alimtazama mhunzi. Akawatazama wote, mmoja mmoja. Vijana aliowafundisha kushindilia baruti sasa walikuwa na mvi.

"Nendeni nyumbani," alisema.

"Nyumba ipi, Kanali?" mhunzi aliuliza.

Walitoka. Nje, mzee Gideon Sprowle alikuwa amerudishwa kwenye sileji yake, amelala macho wazi, maksai akila majani. Kile kilichoambiwa kikae barazani kilikuwa kimechoka kusubiri. Keziah alivua kilemba chake akamfunika uso.

* * *

Walirudi na farasi mmoja. Keziah juu, Kanali chini ameshika hatamu. Njia nzima ilinuka moshi wa watu wanaokaanga nyama ya nguruwe kwa chakula cha jioni, na kila kibanda walichokipita kilikuwa cha mtu ambaye angehamishwa kabla ya mavuno.

"Ungejipigia tu," Keziah alisema.

"Haifanywi."

"Nani kakataza?"

"Hakuna aliyekataza."

"Sasa?"

"Haifanywi, Keziah."

Wakaenda kidogo.

"Ulinioa sina kitu," Keziah alisema. "Nilikula magome ya mti nawe. Nilimwagia maji mapaa yakiwaka, risasi zinapita masikioni kama nyuki. Sikulalamika. Leo nalalamika, Jethro. Leo umetuzika kwa tabia njema."

Kiatu cha Kanali kilikuwa kimefunguka kamba, naye hakusimama kuifunga.

"Wakichukua shamba, wachukue," Keziah aliendelea, sauti imeshuka. "Wachukue nyumba. Lakini Tabitha na Reuben siwaachi."

Hao walikuwa watoto wao wengine, walioondoka kwa homa majira ya baridi ya kuzingirwa. Walizikwa chini ya mfyulisi, mti wa mapichi, karibu na kijito, ndani ya magome ya mti, maana mbao zote zilikuwa zimekwisha kuziba ukuta wa ngome. Keziah ndiye aliyeupanda mfyulisi ule, kwa kokwa aliyoibeba mfukoni kutoka Virginia. Kila masika ulichanua, naye kila masika alikaa chini yake na kazi yake ya kufuma soksi, akiwasimulia habari za nyumbani.

"Mtoto hahamishwi kaburini," alisema. "Nitabaki nao hata kwa kulala chini."

Walipofika kwenye mteremko wa nyumbani walisikia sauti. Kling. Kling. Kling. Sauti laini ya chuma kinachoburuzwa nyasini.

Kanali alisimama. Sauti ile aliijua. Ujanani aliishika kazi hiyo, kabla ya kuwa kanali, kabla ya kuwa kitu chochote. Ni mnyororo wa mpima ardhi.

Kiza kilikuwa bado hakijaingia, na mambo yote yalionekana. Uwanjani mwao kulikuwa na dira juu ya miguu mitatu ya mbao, na mpima ardhi wa Wardlaw ameinama juu yake, kofia kisogoni. Vigingi vipya, vyeupe, vilishapigwa kutoka kona ya zizi kuelekea kijito. Hawakuwa wameanza leo! Walianza kura zikiendelea.

Nyuma, mtu mgeni alikuwa ameshika ncha moja ya mnyororo. Na mbele, aliyeishika ncha ya pili, akiuvuta kuelekea kijitoni, alikuwa kijana mrefu, mwenye ndevu.

"Lemuel," Keziah alisema. Alishuka kwenye farasi kama gunia linavyoshuka.

Kijana aliuachia mnyororo ulegee. "Mama. Nilitaka mle kwanza, ndipo niwaambie."

"Ng'ombe wamepatikana?" Keziah aliuliza. "Maana watu waliniambia umepotelea kwa ng'ombe."

"Mama, nisikilize."

"Tumeshindwa kwa kura moja! Moja, Lemuel! Ulikuwa nayo wewe!"

Kijana alitazama chini. "Baba angeshindwa tu, Mama. Baba hajui kushindana na mtu asiye na aibu. Nilijua. Basi nikaenda kwa Wardlaw mapema, nikafunga mkataba naye. Mimi nisipige kura, nimshikie mnyororo, naye anipe kipande. Kidogo tu. Kutoka mstari huu hadi kijitoni." Akanyoosha mkono mbele. "Mfyulisi, Mama. Makaburi. Yatakuwa yetu, kwa hati, kwa muhuri. Hakuna atakayemgusa Tabitha. Hakuna atakayemgusa Reuben."

Keziah aliutazama mfyulisi. Nafikiri, kwa kitambo kidogo tu, alimsamehe.

Kisha akamtazama mpima ardhi. Na mpima ardhi, badala ya kumtazama yeye, akaanza kukung'uta dira yake vumbi lisilokuwapo.

Keziah aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na bunduki ndefu ya mumewe, ile ya ngomeni, na kidole chake gumba kilikuwa kimeshavuta mtambo nyuma, tayari kufyatua.

"Mke wangu," Kanali alisema.

"Usiniite mke wako sasa hivi. Nitazamie." Bunduki ilimlenga mpima ardhi kifuani, na haikutikisika. "Wewe umeshika mnyororo ujanani, Jethro. Chuchumaa hapo. Tazama vigingi vyao. Niambie mstari unakokwenda."

Kanali alichuchumaa nyuma ya kigingi cha kwanza. Magoti yalilia. Alifumba jicho moja kama alivyofundishwa, akakifuatisha kigingi cha pili, na cha tatu, na kilichofuata, hadi pale Lemuel aliposimama, na kutoka pale akaunyoosha mstari kwa jicho tu, juu ya nyasi, kuelekea majini.

Mstari haukupita upande huu wa mfyulisi.

Ulikwenda ukapinda kidogo, kidogo kiasi ambacho mvuta mnyororo, anayetazama miguu yake, asingeweza kukiona. Ungepita kati ya mti na kijito. Kipande cha Lemuel kilikuwa tope, na matete, na mawe ya kufulia. Mfyulisi na vilivyo chini yake vilibaki kwa Wardlaw.

Alikaa hapo chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwambie, Baba," Lemuel alisema. Alikuwa anatabasamu, tabasamu lile la utotoni alipoleta samaki wa kwanza nyumbani. "Mwambie Mama atulie."

"Jethro." Kidole cha Keziah kilikaa sawasawa kwenye kilimi cha bunduki. "Wanangu wanaangukia upande gani?"

Akisema kweli, mtu atakufa uwanjani kwake, na mkewe atanyongwa. Akisema uongo, mkewe atakuja kuusikia kutoka kwa jembe la Wardlaw.

Kanali Mayhall, ambaye tangu amwoe hakuwahi kumwambia Keziah neno moja lisilo la kweli, alinyanyuka polepole, akajipangusa magoti, akafungua mdomo.